Mate ya Mama

Elieth uko wapi? Mama kanisaliti. Mama yangu mimi!

Leo jumuiya imesali kwa mzee Xavery. Kufika kwenye maombi, mama akasema: "Tumwombee binti yangu, anakusanya mate ya ukoo kwenye vichupa."

Mate ya ukoo!! Kama mchawi! Yale ya utafiti wangu wa chuo, wa vinasaba. Na yeye ndiye wa kwanza kutema, tena anacheka!

Nikasema mbele ya wote, jamani, nasoma biolojia ya molekuli. Mama kainamisha kichwa: "Sikujua anayataka ya nini."

HAKUJUA! Nilimweleza mpaka akachoka!

Tumerudi, tumekunywa chai. Nimenyoosha mkono nichukue kikombe chake nikaoshe, akakivuta. Kaingia nacho chumbani.