Mto wa Mahameli

Jumatatu, 3 Juni

Gauni la Mwalimu limekatwa na kuunganishwa! Mahameli, rangi ya damu ya mzee, laini mpaka mkasi unateleza wenyewe. Anamwoza bintiye Jumamosi. Kaniambia hataki kumzidi bibi harusi kwa kupendeza, ila ikitokea hatanuna. Wateja wa hivi nawapenda.

Na kitambaa nimekibana. Kipande cha mgongo nimekigeuza juu chini, kikaenea pembeni kabisa, nikabakiwa na kipande kizuri. Nimejishonea mto wa kiti. Miaka kumi na moja nakalia ubao mtupu – nimestahili.

Jumanne, 4 Juni

Balaa.

Mwalimu kalijaribu, akasogea mlangoni kwenye mwanga. Mbele linang'aa, mgongoni jeusi kama masizi. Utadhani magauni mawili yameshonwa pamoja! Nikajua papo hapo. Manyoya ya mahameli hulala upande mmoja; mbele niliyakata yakitazama chini, mgongoni yanatazama juu. Kosa hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hukatazwa.

Akauliza imekuwaje. Mdomo wangu ukatangulia: kitambaa kina kasoro, Mwalimu, vitambaa vya siku hizi ndivyo vilivyo. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilikitikisa vizuri mno, nikajihurumia mwenyewe.

Sikukumbuka kumuuliza kakinunua wapi.

Jumatano, 5 Juni

Kakinunua kwa Shemeji! Mume wa dada yangu, duka la vitambaa mtaa wa pili. Kwani mji mzima una duka moja?

Dada kaja mchana amefura. Anasema Mwalimu kamkaripia mumewe mbele ya wateja kama mtoto aliyechelewa shule. Na vitambaa vya majoho arobaini ya kwaya, ambayo Mwalimu ndiye kiongozi wake, sasa atavichukua kwingine. Shemeji alishaagiza mzigo mzima kwa ajili yao. Dada akanikazia macho: mimi ndiye fundi, nimwambie, kitambaa kilikuwa kibovu?

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikasema mmh.

Pini zina faida zake.

Alhamisi, 6 Juni

Sina raha. Cherehani nimeipangusa mara tatu. Nimeilaumu taa ya humu ndani. Nimemlaumu Mwalimu – nani anajaribu nguo mlangoni? Nimeulaumu na mto. Umenyamaza tu.

Nimeukalia siku nzima hata hivyo. Ni laini. Katika hilo sisemi uongo.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nyuma ya pazia la kupimia, kwenye daftari la vipimo. Nimewaambia nafuata pini. Mwalimu na Shemeji wako hatua tatu kutoka hapa, nawasikia wanavyohema.

Mwalimu kamleta makusudi. Anataka nimwoneshe kasoro ya kitambaa ana kwa ana, ndipo aamue habari ya majoho. Kaeleza hayo yote kwa utaratibu, alifundisha hesabu miaka thelathini. Kisha akajibwaga kwenye kiti changu bila kutazama. Juu ya mto! Kaufunika wote kwa sketi, hauonekani hata pindo.

Nikangoja Shemeji ajitetee. Wala.

“Mwalimu, usimsumbue fundi,” akasema. “Kitambaa kimetoka kwangu. Nimekuja na kingine, akushonee mgongo upya leo. Lawama nizibebe mimi.”

Kweli kakishika kwapani, kimefungwa kwenye karatasi. Hata hakunitazama kwa jicho baya. Kaaibishwa dukani kwake kwa ajili ya mdomo wangu, na bado ananikingia kifua! Masikio yamewaka moto. Nimeona haya, haya ya kweli, ndiyo maana nimekimbilia huku.

Sasa mambo yamejipanga yenyewe. Nishone mgongo mpya, jioni Mwalimu aondoke na gauni lake. Mto hajauona na hatauona. Dada hatauliza tena. Kwaya itapata majoho kwa mtu mwingine. Nimepona kabisa, ni kunyamaza tu!

Kwaya itapata majoho kwa mtu mwingine.

Mwalimu anauliza kama pini zimeota miguu. Ninazo mkononi, kopo zima. Safari hii siweki hata moja mdomoni.

Natoka. Nitaanza kwa kumwomba Mwalimu ainuke kidogo.