Mama Alinikuta Nakanda Unga

Mpendwa mshauri, Shangazi Evodia, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, dereva wa greda, mwenyeji wa Busi huko Kondoa, naishi Ipagala hapa Dodoma na mke wangu Asma na mabinti zetu wawili, na kitu kinachoniharibia nyumba ni mkate.

Asma ni muuguzi, na Ijumaa nyingi huwa na zamu ya usiku, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nabaki na watoto, na miaka mitatu iliyopita nilichoka kuwaona wakitafuna mkate wa dukani kama wanameza dawa, nikamwomba jirani yetu Mama Ruthu, mwenyeji wa Mvumi anayeoka skonsi za chai ya kanisani, anifundishe, naye akanifundisha bila kuniuliza maswali: hamira kiasi gani, unga ukandwe mpaka uache kushika vidole, mkaa mwingi juu ya mfuniko na kidogo chini.

Shangazi, sijui nikuelezeje. Baada ya swala ya alfajiri mtaa bado umelala, upepo wa baridi unapita juu ya mabati, nami niko jikoni na bakuli limefunikwa kitambaa, nautazama unga ukiumuka polepole kama kifua cha mtoto aliyelala, iliki inanukia, zabibu kavu zimelowa kwenye maji ya uvuguvugu, na moyo wangu unatulia mpaka unakuwa kama si wangu. Wiki nzima nikiwa juu ya greda, vumbi mbele vumbi nyuma, mawazo yangu yako kwenye lile bakuli. Kuna siku nilichonga barabara tangu asubuhi hadi alasiri huko Kongwa na sikumbuki hata kona moja. Halafu Mwantum wetu mkubwa, ana miaka tisa, hutoka chumbani amejitanda shuka, ananiegemea, tunasubiri wote wawili, mpaka harufu imwamshe mdogo wake Amina, na Asma aingie na uchovu wake, avue viatu mlangoni, ale kipande cha kwanza amefumba macho.

Sasa uongo ulianza hivi. Mwaka juzi baada ya Idi mama yangu alikuja kututembelea na baba mdogo Abdulrahim, ambaye nikiwa mtoto aliwahi kunichapa kwa kukaa jikoni na wanawake. Mama akaonja mkate, akauliza, "Nani kaoka?" Nikamwona baba mdogo ananitazama, ulimi ukateleza, nikasema, "Mkamwana wako." Asma alikuwa ndiyo kwanza katoka zamu, akanikodolea macho, akanyamaza. Mama alifurahi mpaka akatokwa machozi, akarudi Busi akawasimulia wanawake wote, na safari iliyofuata akamletea Asma sufuria nzito aliyoachiwa na marehemu mama yake, akamwambia, "Mikono yako inastahili." Alipoondoka Asma aliniambia, "Habibu, mwambie mama ukweli." Nikasema nitamwambia. Sikumwambia.

Mwezi uliopita mama alikuja mjini kutibiwa macho, akalala kwetu. Jumamosi ile Asma alikuwa bado kazini, nami nilidhani mama akishaswali atajilaza tena, na kwa kweli nilikuwa nimekusudia nisioke, lakini Mwantum akatoka na shuka lake akaninong'oneza, "Baba, leo Jumamosi." Nikashindwa. Nikiwa na unga mpaka kwenye viwiko nikahisi kuna mtu amesimama nyuma yangu.

"Habibu," mama akasema, "hiyo sufuria nilimpa nani?"

"Asma, mama."

"Na anayeoka ni nani?"

Nikazidi kukanda. Mwantum akajibu, "Ni baba, bibi. Siku zote ni baba."

Mama hakufoka. Alivuta kigoda akakaa, akanitazama nikikanda, nikipanga mkaa, nikisubiri, muda wote ule mpaka mkate ukaiva, lakini hakuuonja. Asma alipoingia akamwambia tu, "Na wewe, mwanangu, ulinyamaza," akachukua mkoba wake, na adhuhuri alikuwa ndani ya basi. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Asma naye ananiambia, "Mimi sikuomba sifa. Umenivika uongo wako, sasa mama ananiona mwizi," kisha anageukia ukutani. Jumamosi tatu sijaoka. Watoto wanakula mkate wa dukani na hawalalamiki, na huko kutolalamika ndiko kunaniuma. Je, niache kabisa, niwe mwanamume kama wenzangu? Au nimtume baba mdogo Abdulrahim akaniombee radhi kwa mama?

Ni mimi, Habibu, Ipagala.

*

Habibu, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho na sikucheka, ila nimekasirika mara mbili.

Kwanza, hiyo habari ya "mwanamume kama wenzangu" iache hapo hapo. Baba anayeamka alfajiri akawaokea watoto wake hajapungukiwa kitu. Uliyepungukiwa ni wewe wa mwaka juzi, mtu mzima anayeendesha greda, ukamwogopa baba mdogo, ukajificha nyuma ya mke aliyekesha na wagonjwa. Na mkeo alikukumbusha, ukampa ahadi hewa. Utulivu unaousema naujua, baba, na Mungu hamjaalii kila mtu. Lakini uliuonea aibu, na aibu yenyewe ukambebesha mwingine.

Pili, hukuelewa ulichokiona kwa macho yako. Mama aliyechukizwa na mwanawe kuoka asingevuta kigoda akakaa mpaka mkate uive. Alikuwa anakutazama, Habibu, pengine kwa mara ya kwanza tangu uwe mtu mzima. Kilichomuuma ni kwamba aliwasimulia wanawake wenzake jambo ambalo mjukuu wa miaka tisa alijua si kweli, yeye hajui.

Sasa fanya hivi. Leo jioni mwombe Asma radhi mbele ya mabinti, maana wao ndio walioishi na uongo huo nyumbani mwao. Usitie neno "lakini." Asma akikataa kukujibu, au akikataa kwenda nawe Busi, mwache, hana deni kwako. Jumamosi oka, watoto wale, mlango ukiwa wazi.

Jumapili panda basi la asubuhi mwenyewe. Baba mdogo Abdulrahim usimtume popote. Mwombe awepo, akae, asikie kama wengine. Na wale wanawake waliosimuliwa, mama akitaka uwaeleze, waeleze.

Ukifika kwa mama usianze na maelezo. Msalimie, kaa chini, useme, "Mama, nilikudanganya, na Asma alinisihi nikuambie ukweli." Kisha nyamaza, hata akikawia kujibu mpaka jua lizame.