Jumba la Giza la Bwana Sefu

Kasulu

Mama Zuhura, mke wangu,

Mimi mumeo nina miaka sabini na minne na bado natafuna muhogo mbichi. Nimeishi kuliko shamba la mkonge lililoniajiri, nimeishi kuliko yule msimamizi aliyesema sitafika arobaini, kaka zangu wawili nimewazika kwa mikono hii, na daktari aliyenikataza chumvi naye nilisikia ametangulia. Kwa hiyo anayekwambia huko Muheza kwamba Baba Zuhura amekwisha, mwambie asubiri zamu yake.

Nakusalimu wewe na goti lako la kushoto. Linauma bado mvua ikikaribia? Zuhura hajambo na watoto? Jirani yetu Bi Mwanahawa ameacha kumwaga maji ya vyombo upande wetu au mpaka nije? Mimi mzima. Mgongo unasema maneno yake asubuhi, siujibu.

Ujumbe wako nimeupata, Zuhura alinisomea kwenye simu. Sikujibu palepale kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza. Karatasi haikatizwi. Mkono wangu mzito wa kuandika unaujua, herufi zangu zimelala kama mtu wa homa, lakini utasoma mpaka mwisho. Umeuliza jambo moja tu: narudi au sirudi. Na umesema kama sirudi niseme, ufunge nyumba uende ukakae kwa Zuhura Korogwe, maana umechoka kulala peke yako na kusikia panya. Jibu ninalo. Ila lazima upite kwanza kwenye habari, ukianza na jibu hutanielewa.

Tangu siku ile situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Nilianza barua nyingine ya kukwambia hapana, siwezi kuondoka, kazi itasimama. Niliandika ukurasa mzima. Nimeichana, na sababu ya kuichana ndiyo hii.

Unajua nilivyofika huku. Bwana Sefu, huyu mwenye duka la magodoro hapa Kasulu ambaye mama yake ni mtu wa Pangani, alinunua ile mitambo ya kuchezea watoto iliyokuwa imelala kwenye yadi Tanga. Farasi wa kuzunguka, vikombe, gurudumu la kupanda juu, treni ndogo na Jumba la Giza. Mlinzi wa yadi nilikuwa mimi. Alipouliza nani anaijua mitambo hii nikasema mimi. Mtu umelinda kitu miaka minne, mvua na jua, utasemaje hukijui? Akanipandisha kwenye lori pamoja na farasi wake, na hapa wote wananiita Fundi.

Sasa Kasulu si Muheza. Ni vilima na udongo mwekundu unaong'ang'ania kiatu, na asubuhi baridi inaingia mpaka kwenye jino. Wanakusalimu “Mwakeye”, mimi nawajibu kwa Kiswahili changu, wanacheka, wanasema naongea kama taarifa ya habari. Watu wazuri lakini. Wanapika maharage kwa mawese mpaka mtu unasahau kwenu kuna nazi.

Pale kwenye bustani ya michezo aliyoifungua Bwana Sefu nina watu wawili chini yangu. Imelda, msichana wa hapahapa mjini, anakaa kidirishani anakata tiketi. Gwimo, kijana mwenye mikono kama mihimili, anazungusha mitambo. Na nje ya geti yupo Mama Furaha, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, siku akipata kibali anakuja kuuza maandazi. Yeye si mfanyakazi ila maneno anayo kuliko wote.

Nikwambie ukweli kuhusu hao wawili: hawajui wanapofanyia kazi. Mgeni akiuliza choo kiko wapi, Imelda anaonyesha kwenye treni, Gwimo anaonyesha kwenye migomba ya jirani. Kuna kitufe chekundu kwenye gurudumu, kina maandishi ya Kichina, Gwimo amekifunika kwa karatasi ya gundi ili kisimtazame. Hawajawahi kupanda hata farasi. Imelda anasema yeye ameajiriwa kuuza, hakuajiriwa kuzunguka. Mama mmoja alimuuliza, mwanangu akipanda kile kikombe atatapika? Akamjibu, “Inategemea amekula nini.” Ndivyo tunavyoendesha.

Lakini lililokuwa limewashinda kabisa ni Jumba la Giza. Lilikuja vipande, kuta za mbao zenye namba kwa nyuma, na namba zilikuwa zimefutwa na mvua, na mvua haikuwa zamu yangu. Nikasimama katikati ya uwanja na fimbo yangu, nikasema ubao huu hapa, ule pale. Gwimo akapigilia. Likasimama, jeusi, kubwa, mbele limechorwa mafuvu na mikono inayotoka ardhini. Tulipomaliza hakuna aliyeingia. Gwimo alisema mama yake amemkataza nyumba yoyote yenye fuvu mlangoni. Imelda akafanya ishara ya msalaba akarudi kidirishani. Mimi sikuwa na haja ya kuingia, mimi ndiye niliyelijenga.

Biashara ikaenda. Wageni wakiuliza mle ndani kuna nini, Imelda anasema joka. Gwimo anasema mzungu anayekohoa. Mimi nilikuwa namtazama mtu usoni kwanza, nikimwona mwoga namwambia kuna popo, nikimwona jeuri namwambia kuna mkwe wake. Mama Furaha alinishika siku moja: “Muzee, mu ile nyumba kuko nini kweli?” Nikamwambia siri ya kazi. Akasema, “Siri yako hata weye hauijue.” Nikala andazi lake.

Na watu walikuwa wanatoka, Mama Zuhura, hilo elewa vizuri. Wanaingia kwa mlango wa mbele, baada ya muda kidogo unasikia kelele, wanatoka mbio kwa mlango uleule, wengine viatu mkononi, wanacheka wanataka tena. Sisi tukaona ndivyo mchezo ulivyo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini hakuna hata mmoja anayetokea upande wa nyuma.

Jumamosi iliyopita akaja Bibi Leokadia. Ni mama wa Kagerankanda, rika langu au kanizidi, alikuwa ameletwa mjini na binti yake ambaye ni mwalimu, kuja kuangaliwa macho. Binti akataka kumfurahisha mama yake kabla ya kurudi shamba. Mama akatazama farasi, akasema hao hawaendi popote. Akatazama gurudumu, akasema huko juu ameshakwenda kwa miguu, kwao ni mlimani. Kisha akaonyesha Jumba la Giza kwa mkono, akasema anataka kile cheusi.

Akaingia na fimbo yake. Tukangoja kelele. Hakuna kelele. Binti yake akacheka kidogo, baadaye akaacha kucheka. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunitazama mimi. Binti akaja akanisimamia hapa mbele, akaniuliza mlango wa kutokea uko upande gani akampokee mama yake. Nikamwambia nyuma. Tukaenda nyuma. Nyuma, mke wangu, kulikuwa na kontena la stoo la Bwana Sefu, limebanana na ukuta wa jumba hata karatasi haipiti.

Gwimo akanitazama. Imelda akanitazama. Yule mwalimu akasema kwa sauti ya chini kabisa, ile ya walimu, “Mzee, nani hapa anaijua hii nyumba?”

Wote wawili wakanionyesha mimi.

Nikaingia. Ningefanyaje? Simu yangu ilikuwa na chaji ya kufa, nikawasha tochi yake. Mle ndani, nakwambia, ni vichochoro. Vitambaa vinakupapasa uso, sakafu inalia, kuna pahali ukikanyaga kitu kinakukohoa mgongoni. Huyo ndiye mzungu wa Gwimo, kumbe kweli yupo. Kwenye kona nikakutana na mzee mmoja mkaidi ananijia na tochi yake, nikampisha, naye akanipisha upande uleule, nikampisha tena. Kilikuwa kioo. Nikakiacha. Simu ikazima.

Nikatembea kwa mikono mpaka nikasikia mtu anapumua.

“Nani?” akauliza.

“Mwenye nyumba.”

“Ahaa. Basi mwenye nyumba, mlango uko wapi?”

Nikamwambia uko mbele.

“Mbele nimefika. Mbele kuna bati.”

Alikuwa amekaa juu ya jeneza la mbao, lile la kutishia watu, amevua viatu anapumzisha miguu. Nikamuuliza hakuogopa? Akasema yeye amewazika watoto watatu na amekaa na fisi nje ya zizi, hawezi kukimbia matambara. Akasogea nikakaa naye. Yule mzungu wa Gwimo akakohoa peke yake.

“We mzee,” akasema, “umewahi kuingia humu kabla ya leo?”

“Nimelilinda miaka minne. Nimelijenga mwenyewe.”

“Sijakuuliza kulinda.”

Akauliza mke wangu yuko wapi, nikasema Muheza. Nimemwacha muda gani? Nikasema mwaka wa pili unakatika. Akauliza kama nyumba yangu ya huko nayo ina kontena nyuma. Nikacheka, nikamwambia bibi, ile nyumba naijua hata nikifungwa macho, ina milango miwili, mmoja barabarani mmoja uani. Hapo nikakumbuka uliniambia umetoboa mlango wa tatu, ubavuni, wa kuuzia vitumbua na machungwa. Nilikujibu siku ile kwamba umekosea, utapitisha mwizi. Sijauona. Sijui unafungukia ndani au nje. Sijui ni wa mbao au wa bati. Nilikuwa nakuamrisha juu ya mlango nisioujua.

Nikamwambia Bibi Leokadia, miwili au mitatu. Akasema, “Ego,” ndiyo yao hiyo ya Kiha, hivyo tu, kama mtu aliyesikia alichotaka.

Kisha akaniambia nipige kelele tutolewe, maana njia ya kurudi gizani hakuna aliyeikumbuka. Nikakataa. Fundi hapigi kelele kutoka ndani ya kazi yake. Akasema basi yeye si fundi, akamwita binti yake kwa Kiha kwa sauti ambayo ingefika Kibondo. Gwimo akaja na mtaimbo akang'oa ubao wa ubavuni, jua likatupiga machoni tumekaa juu ya jeneza, mimi na mke wa mtu, yeye peku. Watu wakapiga makofi. Walidhani ndiyo mchezo wenyewe.

Hapo ndipo pabaya penyewe. Bwana Sefu alisikia, akaja Jumapili amefurahi kama mtu aliyepata mtoto. Watu walikuwa wanauliza tiketi za mzee na bibi. Anataka tuhamie Kibondo na mitambo, baadaye Mabamba kule mpakani siku za gulio, na mimi nikae ndani ya jeneza, nifufuke. Kanipa na cheo, Msimamizi Mkuu. Akasema, “Mzee wangu, bila wewe hapa hakuna kitu.” Maneno hayo nimeyangoja maisha yangu yote mtu aniambie, unajua. Nilitembea uwanja mzima mchana ule, kutoka kwa farasi mpaka kwenye treni na kurudi, Mama Furaha akaniambia nitachimba mtaro.

Jumatatu kabla hatujafungua nikawaita Imelda na Gwimo. Nikawaambia leo tunaingia wote. Gwimo akamtaja mama yake. Nikamwambia mama yako nitazungumza naye mimi. Tukaingia tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea, Imelda anasali, Gwimo amefumba macho mpaka akagonga kioo akakiomba radhi. Tukaenda mpaka kwenye bati, tukarudi, tukaenda tena. Mara ya tatu Imelda alikuwa mbele anatuongoza na anacheka. Mchana tukalisogeza kontena kwa magogo, mlango wa nyuma ukafunguka. Gwimo akabandua ile karatasi kwenye kitufe chekundu akakibonyeza. Kumbe ni kengele tu.

Sasa wanalijua. Wanalijua vizuri kuliko mimi, na hilo ni kwa sababu niliwafundisha mimi. Bwana Sefu nimemwambia jeneza atafute mwenye haraka nalo. Amenuna. Yatamwisha.

Nisalimie Zuhura, mwanetu, na mumewe yule asiyemaliza sentensi. Nisalimie wajukuu wote, yule mdogo mwambie babu amepigana na kioo. Nisalimie shemeji yangu, kaka yako, fundi cherehani, na imamu wetu, na Bi Mwanahawa nusu salamu.

Kama yapo uliyotilia shaka, waulize. Imelda atasema, hajui kudanganya ila kwa wateja. Gwimo atasema, ukimpa nafasi atajitia yeye ndiye aliyetuokoa. Mama Furaha aliona yote kutoka getini. Bibi Leokadia wa Kagerankanda naye atasema, ila ataongeza ya kwake, usimsikilize yote. Na kuhusu lile uliloniuliza, shahidi ni karani wa ofisi ya mabasi hapa Kasulu, amevaa kofia nyekundu, alitaka kunipa kiti cha nyuma nikagombana naye mpaka akanikatia cha dirishani. Basi ni la Ijumaa. Funguo usimpe mtu.

Mumeo,
Baba Zuhura