Usikishibishe Kitabu cha Chaji

Kaloleni, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, miguu imepunguza kuuma na macho hayajakusumbua zaidi. Mimi mwili haujambo, moyo ndio hautulii. Nimekuandikia kwa karatasi, tena kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, kwa sababu sikutaka ukiwashe kitabu cha chaji, hicho kibao cha kioo unachosomea hadithi na jumbe zangu, ili unisome. Mama, nakiogopa.

Unakumbuka tulivinunua pacha, changu na chako, kwa muuzaji mmoja wa mitumba. Jumapili asubuhi nilichukua changu nisome kidogo kabla ya kufua. Nikakuta kioo kimebenuka na mgongo umevimba kama andazi. Nikakikimbiza kwa fundi hapa mtaani.

"Sista, hii betri imefura," akasema. "Huwa unaichaji wapi?"

Nikamwambia kitandani, chini ya mto, mpaka kucha, wezi wasikione dirishani.

"Wee! Chini ya pilo? Hiyo ikishika moto hutoki!"

Hapo nikakumbuka ulivyoniandikia juzi: "Nakilaza na waya wake, nakifunika leso mpaka asubuhi. Mgeni haondoki hajashiba." Wakati ule nilicheka. Sasa sicheki tena. Nyumba yako ni ya makuti, na majirani wakipiga ukelele hutawasikia, masikio yako ndiyo hayo. Kule ghalani Industrial Area nafunga maboksi ya sabuni huku nanusa moshi usiokuwepo. Msimamizi ameshanikaripia.

Mama, huyu si mgeni. Ukimshibisha kila siku unamuua, na ukimwacha afe njaa unamuua vilevile. Fundi anasema kile kijipicha cha betri kikijaa robo tatu, chomoa. Kikibakia robo, chomeka tena. Uwe unakichaji mchana ukiwa umeketi papo hapo, juu ya sakafu tupu, na leso jitande wewe. Punguza mwanga wake, wala usikiache juani au karibu na jiko, maana joto la huko Pwani pekee linatosha kukizeesha.

Lakini kwanza, kabla hujasema nimerithi woga wa marehemu baba, kilaze chali mezani. Kikitulia, alhamdulillahi. Kikichezacheza, kimevimba: usikibonyeze, usikitoboe, usikichaji tena. Kitoe nje polepole, ukiweke mchangani mbali na makuti.

Najua tangu masikio yazibe, hicho ndicho mwenzako wa kuzungumza naye. Inaniuma kukutisha nacho.

Nisalimie Bi Rukia, jirani anayekuchotea maji, umwambie apite kukutazama kila jioni. Msalimie na mjomba, aache kukuchokoza kwamba unasoma kuliko kadhi.

Athumani, mwana wa mjomba, ndiye anayekuletea hii, na atarudi huku Nairobi Ijumaa. Usihangaike kumfungia samaki wala mabuyu. Mpe neno moja tu: kimetulia au kimecheza. Nitamngoja pale basi linaposhusha watu. Akija bila neno lako, napanda basi lile lile linaporudi, na kazi waajiri mwingine. Kitabu nitapata kingine. Mama sitapata.

Mwanao asiyelala kwa ajili yako,
Mwanaisha