Mishono ya Kisogoni

Jumatatu, 3 Novemba

Uji, kidonge, pazia. Mama yangu, Mawe kama tunavyomwita, amelifunga tena kabla ya kwenda kibanjani kwenye migomba yake. Daktari amekataza simu, kompyuta, kusoma na kuandika. Naandika. Mistari michache, kisha nafumba macho. Mwanga ukiingia ni kama mtu ananichokonoa jicho kwa ndani.

Miaka yote nimekuwa nikiangusha vichwa vya bandia juu ya chuma ili nijue ubongo unavyotikisika. Sasa umetikisika wa kwangu. Asubuhi nimesahau jina la kile kitu cha kuchujia chai. Nimelia kwa ajili ya chujio.

Jumatano, 5 Novemba

Dokta Kamugisha, mkuu wa mradi wetu, amefika hapa Kibeta na mkate na soda. Ana furaha tele. Siku ya ajali nilikuwa nimevaa helmeti yetu, ile yenye tabaka la nyuzi za mgomba, nikitoka kuchukua vipimo kwa madereva wa bodaboda. Kihisi kilichomo ndani kimerekodi pigo dogo sana.

“Adventina, helmeti imekuokoa,” akasema. “Wewe ndiye ushahidi wetu.”

Wafadhili wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Anataka nikae mbele. Nisiseme mengi, nionekane tu. Mawe alimshika mikono yote miwili: “Kasinge waitu, asante sana, umenirudishia mwanangu.”

Mimi ajali siikumbuki. Nakumbuka kupanda pikipiki Kimwani, halafu taa za wodini. Katikati hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mawe ameniosha nywele kwa maji ya uvuguvugu. Kwa mara ya kwanza nimeigusa mishono. Iko kisogoni, kwa juu. Nilimshika mkono asiendelee.

Helmeti inafunika pale. Ndiyo sehemu nene kuliko zote, niliichora mwenyewe. Ngozi haiwezi kupasuka hivyo helmeti ikiwa kichwani. Haiwezi.

Basi haikuwa kichwani.

Jumamosi, 8 Novemba

Mawe amenipigia simu kwa Dokta na kunishikia sikioni. Nimemweleza. Akawa mpole. Upole huo umenitisha.

“Pumzika. Unajua mwenyewe jinsi ubongo uliogongwa unavyotunga mambo.”

Najua. Nimewafundisha wanafunzi jambo hilo hilo. Nikikasirika, ni dalili. Nikilia, dalili. Nikibisha, dalili kubwa zaidi. Nikinyamaza tu, ninapona.

Nimerusha kikombe ukutani. Mawe ameokota vipande. Nimempa Dokta ushahidi mwingine.

Jumapili, 9 Novemba

Mawe yuko misani. Amefunga mlango kwa nje, anaogopa nitatoka nianguke njiani. Kengele ya kanisa inanipasua. Naichukia nyumba hii. Nauchukia upole wa kila mtu.

Na kama kweli ninatunga? Hilo ndilo linaloniogopesha. Mlango nitafunguliwa Mawe akirudi; kichwa changu nani atakifungua?

Jumanne, 11 Novemba

Nimetoroka. Mawe alikwenda sokoni, hakufunga. Nilijifunika kitenge kichwani nikapanda basi la Muleba. Njia nzima macho nimefumba. Nimetapika kwenye mfuko.

Deus, dereva aliyenibeba siku ile, nimemkuta stendi, mkono wake bado una bandeji. Aliponiona akarudi nyuma. Alidhani nimeleta polisi. Nikamwambia nataka kujua tu.

“Dada, tulipoingia kwenye lile shimo, klipu ya mkanda ilifyatuka. Helmeti ikarukia kwenye migomba. Wewe ukaangukia jiwe.”

“Uliona?”

“Niliiokota mimi! Nilimwambia na bosi wako. Akasema sote wawili tuligonga vichwa.”

Nilicheka hadi nikakaa chini, pale pale stendi. Sijachanganyikiwa. Kisha nikawaona madereva wenzake. Wengine walikuwa wamevaa helmeti tulizowagawia. Klipu ni zile zile. Kicheko kikaniisha.

Nimerudi na kumkuta Mawe getini, macho mekundu. Nilidhani atanigombeza. Nikamweleza yote.

“Hao madereva,” akauliza, “hawana mama zao?”

Alhamisi, 13 Novemba

Mawe amenipigia pasi gauni, tukaenda pamoja. Ukumbi una taa nyingi mno. Nilivaa miwani nyeusi. Dokta Kamugisha alinitambulisha, wageni wakapiga makofi. Nikasimama.

Maneno yakanikimbia. Nilitaka kusema klipu, nikasema kile kitu, kile cha kufungia, cha chini ya kidevu. Watu wakatazama sakafu. Dokta akanishika kiwiko. “Amechoka.”

Nikajitoa. Nikawapa mgongo, nikavua kitambaa cha kichwani, wakaiona mishono. Kisha nikaomba nivalishwe helmeti ile ile ya siku ya ajali, waliyoiweka mbele kama ushahidi.

Mama mmoja mwenye mvi, miongoni mwa wafadhili, aliitoa kwenye kabati la kioo akanivalisha taratibu. Akavuta mkanda. Ukashika. Akavuta tena kwa nguvu. Ukashika. Nikajua wataniona mwongo.

Lakini mkono wake ulikuwa umeshapita kisogoni, akitafuta mishono. Haikuonekana. Yote ilikuwa chini ya helmeti. Akaivua helmeti, akaigeuza, akaitazama upande ule wa kisogoni, laini kabisa, haina hata mkwaruzo. Akamtazama Dokta.

Dokta akaanza kukusanya karatasi zake.

Nilitapika nje, ukutani. Mawe alinishika kiuno.

Jumapili, 23 Novemba

Helmeti zinakusanywa. Deus anawazungukia wenzake Muleba, na wengine wanakataa kuzitoa kwa sababu ni nzuri kuliko walizokuwa nazo. Mradi umesimamishwa hadi klipu zipimwe upya. Kama kazi bado ninayo, hakuna aliyeniambia. Dokta Kamugisha hajapiga simu. Sijamchukia kama nilivyotarajia. Kazi ile ilikuwa yake pia.

Kichwa bado. Nikisimama haraka ukuta unahama.

Mchana tumekaa barazani, Mawe na mimi, tunachambua senene. Mbawa zinang'ang'ania vidoleni. Anasimulia habari za harusi ya jirani. Nusu naisahau, namuuliza, anaanza upya. Mvua inakuja kutoka ziwani.