Kwenye Foto za Mahari Yangu Amesimama Shemeji

Mama Faida, salamu nyingi kutoka hapa Murara, Goma, naomba unisaidie kwa sababu akili yangu imegota na nyumbani hakuna mtu ninayeweza kumwambia neno lisifike sebuleni kabla sijamaliza kulisema.

Mimi ni Charline, mume wangu ni Modeste, tulijuana kwenye kwaya ya parokia, na tulikuwa tumeshajulishana kwa wazazi pale watu wenye silaha walipomuua baba yake huko Masisi na kuanza kumtafuta na yeye, basi akavuka kwenda Uganda akaandikwa kambini kama mkimbizi, nami nikamfuata mara mbili kwa basi, tukakaa wiki kadhaa chini ya turubai lake tukipika maharage na kucheka mambo ya kijinga, na naweza kusema hizo ndizo siku pekee nilizoishi na mume wangu. Kisha akachukuliwa kwenda Australia. Akiwa huko alituma neno kwamba bado ananitaka, familia yake ikaja kwetu kutoa mahari, na kama unavyojua hapa kwetu, mwanaume akiwa mbali ndugu yake anasimama mahali pake ili mambo yaende, kwa hiyo mdogo wake Constant ndiye aliyevaa suti, ndiye aliyeleta mbuzi mbele ya wajomba zangu, ndiye aliyenishika mkono tukaingia huku wamama wakipiga vigelegele, na Modeste alikuwa kwenye simu iliyoinuliwa juu na binamu yake, network ikakatika kabla hatujakata keki. Siku hiyo sikuona ubaya, wasichana wengi hapa Goma wameolewa hivyo.

Tangu hapo naishi kwa mama mkwe, Mama Marie-Louise, na sitasema ni mtu mbaya, chakula ananipa na matusi sijayasikia, lakini Mama Faida, niko peke yangu mno. Wasichana niliokuwa naimba nao hawaniiti tena kwa kuwa mimi ni mke wa mtu, na wamama wa parokia wakiwa wanaongea mambo ya waume na ya kuzaa wananyamaza nikifika, siku moja mmoja akaniuliza, «Weye, bwana yako iko kweli ao ni wa mu telefone tu?» wakacheka, nami nikacheka nao, halafu nikaenda kulia chooni. Vita vilipoingia mjini na mabomu yakaanza kuanguka karibu na sisi, Mama Marie-Louise alimkumbatia Constant, wapangaji wa nyuma wakashikana na watoto wao, na mimi nikalala kwenye saruji nimeshika simu isiyo na network. Kwamba niko hai Modeste aliambiwa na mama yake.

Hata akipiga, anapiga kwa simu ya mama, Jumapili baada ya misa, maana kumpigia mke kwanza ni kumdharau mzazi, na simu inawekwa kwa sauti kubwa katikati ya meza, mama anaanza, anafuata Constant, wanafuata shangazi wote waliopo, mimi napewa mwishoni wote wakiwa wameketi pale, namwambia niko mzima, ananiambia vumilia, mega za intaneti zinaisha.

Sasa ndiyo shida yenyewe. Modeste aliniombea visa ya mke ili tukae pamoja, akaweka kwenye dosie ya maombi zile foto za mahari, akaandika chini yake «arusi yetu» na basi. Wenye visa wamejibu kwamba watanipigia simu kunihoji mwezi huu, na wanataka kujua mwanaume aliyenishika mkono ni nani. Modeste aliniambia kwenye simu, mbele ya watu wote: «Charline, sema tu ni miye. Tuko tunafanana na Constant. Sema nilikuyaka Goma kwa siri siku mbili, nikarudia huku. Bale bazungu habatajua.» Mama Marie-Louise akasema: «Njo hivyo. Neno moja tu, mutoto wangu, na unaenda. Usituharibie.» Constant alikuwa anaangalia viatu vyake.

Toka siku hiyo mama mkwe ananifanyisha mazoezi kama mtoto wa katekisimu, nikiwa nakata majani ya sombe ananishtukiza, «Ule ni nani?» nami najibu, «Ni bwana yangu.» Naogopa kudanganya nikakamatwa, naogopa kusema ukweli wakatunyima, halafu ukoo mzima useme ni Charline aliyemharibia Modeste. Na kuna jingine ambalo naona haya kuliandika. Nikiziangalia sana zile foto, sura ya Modeste hainijii tena, inakuja ya Constant. Nakuapia sina lolote na Constant, ananiheshimu kama dada, lakini naona mume wangu anaanza kunipotea. Siku zingine hata sijui kama namtaka yeye au nataka tu mtu wa kuketi naye jioni. Niseme uongo niende, au niseme ukweli nibaki?

Charline, Murara

*

Charline mwanangu,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kusimama mlangoni kwanza. Kulala chini ya mabomu peke yako katika nyumba iliyojaa watu si jambo la kupita nalo haraka. Pole sana, mama. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Nani amewadanganya ninyi kwamba kusimamiwa na shemeji ni aibu ya kufichwa? Kwetu Waislamu bwana arusi akiwa safarini anaweka wakili na ndoa inafungwa, na kwenu ndugu anavaa suti na mbuzi wanapokelewa. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyedanganywa. Arusi yako ni ya kweli, wajomba zako wanaijua, mtaa mzima unaijua. Ninyi ndio mnaoenda kuigeuza kuwa ya uongo kwa midomo yenu wenyewe, na tena mnafanya mazoezi!

Halafu fikiria kidogo. Modeste yuko kule kwa nini? Kwa sababu aliwaambia akirudi huku atauawa, na ni kweli, baba yake yuko kaburini. Sasa wewe unataka kuwaambia kwamba alirudi, akavaa suti, akacheza mbele ya wageni, akaondoka bila mtu kumgusa? Hiyo si visa yako tu unayoichoma. Unaweza kumwekea mumeo maswali juu ya makaratasi yake mwenyewe, yale yanayomfanya alale usingizi. Na hilo la kusema wazungu hawatofautishi sura zetu, mwambie dosie ina foto yake ya pasipoti, na mashine zao hazijali mnavyofanana. Kijana huyu aliimba vizuri kwaya, nakubali, lakini hapa amekosea sauti kabisa.

Basi, msingoje kuhojiwa. Modeste aandike yeye mwenyewe, wiki hii: huyu ni mdogo wangu Constant, alinisimamia kwa desturi yetu kwa kuwa mimi ni mkimbizi na siwezi kurudi, na nilikosea kutoeleza tangu mwanzo. Constant aache kuangalia viatu, aandike na yeye, aweke sahihi na nakala ya kitambulisho chake. Mjomba aliyepokea mbuzi aeleze alipokea kwa ajili ya nani. Tafuta kila kitu cha zile safari za Uganda, foto za kambini, jirani wa turubai aliyewaona mkiishi pale, ujumbe wowote mliowahi kuandikiana. Na kule aliko, Modeste atafute mtu mwenye ruhusa ya kusaidia wakimbizi na mambo ya visa, wapo wasiodai chochote. Komisioneri wa mtaani, dalali anayedai pesa kwa ajili ya visa, akiwafuata, mfungieni mlango.

Siku ya kuhojiwa, wakikuuliza ule ni nani, jibu: ni shemeji yangu. Usitetemeke, usiongeze chumvi. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Wanaweza kukataa hata mtu mwenye ukweli wake wote, na hapo mtakata rufaa au mtatafuta tena pa kuonana, kama mlivyofanya mwanzo. Lakini utakuwa umekataliwa wewe, si mtu mliyemtunga mezani.

Kuhusu Constant, acha kujitesa. Sura unayoiona kila siku ndiyo inayobaki machoni, si dhambi na wala si mapenzi. Ila swali lako la mwisho silitupi, maana ndilo barua yenyewe. Hujui kama unamtaka Modeste. Utajuaje? Ulipoandika juu ya yale maharage ya kambini nilikuamini, pale niliona mke na mume. Kuanzia hapo mume sikumwona tena, nilisikia tu mtu anayesema vumilia. Na wewe je, amesikia nini kutoka kwako? Kwamba uko mzima. Hajui ulilala kwenye saruji. Hajui unalia chooni. Anamwombea visa mwanamke ambaye habari zake hazijui, na hilo nalo mtaulizwa, mwanangu, na wenye visa au na maisha.

Kwa hiyo Jumapili hii usikae kungoja zamu. Akipiga tu, nyoosha mkono, chukua ile simu, zima sauti kubwa, toka nayo nje ya nyumba na ufunge mlango nyuma yako. Mwambie hutasema ule uongo. Mwambie habari za mabomu. Mwambie hata kwamba sura yake inakupotea, asikie, imuume kidogo. Kisha mwambie kuanzia sasa akupigie kwenye simu yako, wewe peke yako, na ukae kimya usikie atakavyojibu, kwa sababu hapo ndipo utakapojua kama unamtaka.

Mama Marie-Louise atanuna. Mwache anune. Yeye anaongea na mwanawe kila Jumapili, na wewe tangu uolewe hujawahi kuongea na mumeo.

Mama Faida