Magamba Chini ya Kitanda

Mdogo wangu Klara,

Marahaba. Huku Kariakoo maji ya mvua yamejaa uchochoroni, ila mikanda yangu ya ngozi inauzika. Mama hajambo, bado anakutaja.

Jana ulinitumia picha ya magamba, umeyavuta karibu, ukaniuliza ni mnyama gani kajificha chini ya kitanda chenu. Nikakujibu ni guruguru tu, hana sumu, mwacheni awale panya.

Miaka kumi nashona ngozi, hata za nyoka, sikosei. Gamba lenye tuta katikati namna ile ni la kifutu. Na Athanas, mume wangu uliyemchukua, ana tabia ya kushuka kitandani peku.

Simu ninayo. Nimeona niandike barua, basi la Masasi litaifikisha keshokutwa.

Nisalimie Athanas, kama atakuwepo.

Dada yako,
Skola